Walipofika Malindi Waliomba Machungwa

Tarehe 7 Januari 1499, merikebu tatu za Kireno zilitia nanga mbele ya mji wa Malindi. Zilikuwa zinatoka India. Watu waliokuwemo walikuwa wameizunguka Afrika kwa bahari, wakafika mpaka Calicut, na sasa walikuwa njiani kurudi kwao na viungo na vito vya kumwonyesha mfalme wao mjini Lisbon. Kwa vipimo vya dunia, hawa walikuwa watu waliofaulu. Ureno ilikuwa imeitafuta njia hiyo kwa miongo mingi, na wao ndio walioipata.

Mfalme wa Malindi akawatumia kondoo na salamu za kuwakaribisha. Nahodha mkuu, Vasco da Gama, akamtuma mtu wake aende nchi kavu pamoja na wajumbe wa mfalme. Unadhani alimwagiza nini? Dhahabu? Rubani mwingine? Hapana. Alimwagiza machungwa. Wagonjwa merikebuni walikuwa wanayatamani kupita kiasi.

Mimi ni mtu wa Malindi, na hilo jina la Vasco da Gama tumelishwa tangu utotoni. Nguzo yake ipo pale kwenye mwamba uliochomoza baharini, na msalaba wa jiwe juu yake. Mnapelekwa kwa tripu ya shule, mwalimu anasema 1498, mnaandika 1498, mnakula mkate na soda, mnarudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kunihadithia habari za machungwa. Nilikutana nazo ukubwani, nikizisoma kwenye simu nikiwa nimelala kitandani, mgonjwa. Nitafika hapo. Kwanza tuwarudie hawa jamaa, tujue walifikaje hali hiyo.

Siku 23 kwenda, miezi mitatu kurudi

Habari zao tunazipata kwenye shajara ya mmoja wa waliosafiri. Hakuandika jina lake. Wengi humdhania kuwa Álvaro Velho. Nakala ya shajara hiyo ilikaa kwenye monasteri moja mjini Coimbra, ikachapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1838, na leo imehifadhiwa mjini Porto. Ukiisoma huoni mtu wa kujigamba. Unaona mtu anayehesabu siku, na baadaye anahesabu maiti.

Walikuwa wameshapita Malindi mara moja kabla ya hapo, Aprili 1498. Mombasa walikuwa wamekorofishana nayo, lakini Malindi iliwapokea vizuri, na mfalme akawapa rubani. Zamani tuliambiwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa bahari wa Kiarabu. Watafiti wengi sasa hawalikubali hilo. Mwanahistoria wa Kireno João de Barros anasema alikuwa Mwislamu kutoka Gujarat, na jina alilolipata linaanza na "Malemo". Mtu wa pwani halisikii hilo kama jina geni. Ni maalimu, mwalimu wa chombo, yule anayejua nyota na pepo.

Na mwalimu huyo alijua kazi yake. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Baada ya siku 23 za maji matupu waliona milima ya India, na tarehe 20 Mei walitia nanga karibu na Calicut. Kitu rahisi kabisa, utadhani ni kuvuka Likoni.

Kurudi ndiko kulikowatesa. Huko Calicut mambo yaliharibika, wakagombana na watawala, wakaondoka kwa hasira. Tarehe 5 Oktoba 1498 waliiacha pwani ya India wakaelekea Afrika. Mwambie mzee yeyote wa bahari, Malindi au Takaungu, kwamba kuna watu walitoka India mwezi wa kumi bila kungoja upepo, halafu umtazame uso. Kusi huwa imechoka. Kaskazi, upepo unaoyaleta majahazi huku kwetu, haujaanza kuvuma sawasawa. Katikati hapo ni tangambili: leo upepo huu, kesho ule, keshokutwa hakuna kabisa. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa wanakaa bandarini kungoja. Kungoja ilikuwa sehemu ya safari.

Wareno hawakungoja. Njia waliyokwenda kwa siku 23, waliirudi kwa miezi mitatu kasoro siku tatu.

Gundi ya mwili

Ugonjwa uliowavamia unaitwa kiseyeye. Hauambukizi, wala hauna kijidudu. Ni njaa ya kitu kimoja tu, vitamini C. Mwili unaihitaji ili utengeneze kolajeni, ambayo ni kama gundi: inashikilia ngozi, mishipa ya damu, fizi na mifupa. Mbuzi anayezurura hapo nje kwenu anajitengenezea vitamini C mwenyewe mwilini. Binadamu hawezi. Inabidi aile. Na wala hahitaji nyingi, miligramu 10 kwa siku zinatosha kukikinga kiseyeye, na chungwa moja lina mara kadhaa ya hizo.

Lakini ukiikosa kabisa, baada ya mwezi mmoja hadi mitatu hivi gundi inaanza kuachia. Kwanza unakuja uchovu, ule wa kumfanya mtu aonekane mvivu. Kisha miguu inavimba. Madoa ya damu yanatokea chini ya ngozi. Fizi zinavimba na kuoza, meno yanalegea. Hata makovu ya zamani, ya vidonda vilivyopona miaka mingi iliyopita, yanaweza kufumuka. Yaani mwili unasahau kwamba uliwahi kupona.

Shajara inaeleza hayo bila kupamba. Fizi ziliota zikafunika meno, watu wakashindwa kula. Miguu ikavimba, kisha mwili mwingine, mpaka mtu akafa bila dalili ya ugonjwa mwingine wowote. Watu 30 walikufa katika kuvuka huko, na wengine kama hao walikuwa wamekwisha kufa kabla. Kila merikebu ilibaki na watu saba au wanane wenye uwezo wa kufanya kazi, nao pia hawakuwa wazima. Mwandishi anakadiria kwamba hali hiyo ingeendelea wiki mbili zaidi, asingebaki mtu wa kuziendesha merikebu. Nidhamu ilikwisha. Manahodha walikubaliana kwamba wakipata upepo wa kuwarudisha India, basi warudi tu.

Hebu fikiria. Walikuwa na bendera ya mfalme, mizinga, na siri ya njia ya bahari ambayo ingeigeuza dunia. Kilichowaangusha ni kukosa kitu ambacho Malindi kilikuwa kinaning'inia mtini.

Tarehe 2 Januari waliiona nchi, karibu na Mogadishu. Hawakuthubutu kusimama. Walikuwa wanautafuta mji mmoja tu pwani hii waliojua utawapokea.

Matunda ya mji

Machungwa yalikuja siku ya pili yake, pamoja na matunda mengine. Kwa amri ya mfalme watu walikuja pia na kuku na mayai. Ukisoma hapo unatarajia kuambiwa wakala, wakapona. Shajara haisemi hivyo. Inasema wengi walifia hapa hapa Malindi. Walikuwa wamechelewa mno. Mwandishi anaitupia lawama hewa ya mji, lakini mwaka uliotangulia, walipofika Mombasa na kuletewa machungwa, malimau na miwa, wagonjwa wao walipona, naye akaisifu hewa ya Mombasa. Hewa ilisifiwa, hewa ikalaumiwa. Tunda lilikuwa mkononi na hakuna aliyelitaja kama dawa.

Hayo matunda yana historia yake. Jamii yote ya michungwa asili yake ni Asia, na huku kwetu ilifika kwa bahari hii hii, na biashara hii hii, kabla ya Mreno yeyote. Ndiyo maana Kiswahili kina majina tele: chungwa, chenza, danzi, ndimu, limau, balungi. Kuna jambo moja linalonifurahisha. Kwa Kiarabu chungwa linaitwa burtuqal, jina linalotokana na Ureno, kwa kuwa Wareno ndio waliokuja kulisambaza chungwa tamu huko. Sisi hatukuwahi kuliita hivyo. Mwenye kumpa mgeni tunda hana sababu ya kuliita kwa jina la mgeni.

Na leo ukipita mjini jioni, muuzaji anakumenyea chungwa, analikata, analinyunyizia chumvi na pilipili. Wareno walikuwa wametafuta pilipili manga mpaka wakafa. Hii kali ya unga tunayonyunyizia sisi asili yake ni Amerika, na wao ndio walioileta upande huu wa dunia. Kwa hiyo kwenye hicho kipande cha chungwa unachokula barabarani kuna safari yote ile: kilichowaponya na walichokuja kukileta.

Walikaa siku tano. Tarehe 11 Januari waling'oa nanga, wakashuka kusini, na karibu na Mtangata, upande wa Tanga, waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael.  Ni kwamba watu waliobaki hawakutosha merikebu tatu. Walihamisha mizigo, wakahamisha na wagonjwa, wakaiwasha. Rafaeli, kwa wasiojua, ni malaika ambaye jina lake lina maana ya "Mungu huponya".

Dawa iliyojulikana ikasahauliwa

Agosti 1500 kundi jingine la Wareno, la Pedro Álvares Cabral, lilitia nanga Malindi. Mfalme aliwatumia kondoo, kuku, malimau na machungwa, na mmoja wao akaandika kwamba baadhi ya wagonjwa wa kiseyeye walipona kwa matunda hayo. Ameandika waziwazi kabisa. Kwa hiyo mwaka 1500, hapa Malindi, tiba ilikuwa imeonekana na imeandikwa.

Halafu ikapita miaka 247. Mwezi wa Mei 1747, daktari Mskoti James Lind, akiwa kwenye manowari Salisbury, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Baada ya siku sita mmoja wao alikuwa tayari kurudi kazini. Jeshi la majini la Uingereza lilingoja mpaka 1795 kuanza kuwapa mabaharia wake maji ya limau kama kawaida. Vitamini C yenyewe ilikuja kutambuliwa miaka ya 1930, na Albert Szent-Györgyi akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Katika miaka yote hiyo mabaharia waliendelea kufa kwa kukosa tunda. Kila mara mtu mmoja aliona, akaandika, akapona, na waliomfuata wakaanza upya. Hilo ndilo lililonikaa kichwani kitandani pale. Kumbe mtu anaweza kulijua la maana, akaliandika kabisa, na bado likapotea.

Hesabu ya kutoa

Nilikuwa na miaka 26. Kilianza kikohozi, kisha jasho la usiku, lile la kulowesha shuka mpaka unaigeuza. Kilo zikawa zinaondoka. Nilipopimwa makohozi ikawa kifua kikuu. Kenya dawa za TB hutolewa bure kwenye vituo vya serikali: miezi miwili ya mchanganyiko wa dawa nne, kisha miezi minne ya dawa mbili. Ni miezi sita bila kuruka siku. Mojawapo, rifampisini, hugeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa. Wasikudanganye, hata ukiwa umeonywa, siku ya kwanza unashtuka.

Kabla ya hapo nilikuwa na orodha kama aliyonayo kila kijana unayemjua. Kazi Nairobi. Digrii ya pili. Gari, hata kama ni la mkopo. Kuandika kitabu. Kuonekana. Wiki ya tatu ya dawa nilijikuta nina orodha nyingine, na sikukaa chini kuiandika. Kulala usiku mzima bila kukohoa. Chakula kirudi na ladha yake. Kumsikia mama jikoni anakuna nazi, nijue yupo. Na saa mbili usiku.

Saa mbili usiku kaka yangu alikuwa anakuja. Ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, dereva wa matatu ya Malindi na Mombasa. Zile wiki za mwanzo, kwa sababu ya kuambukiza, hakuingia chumbani. Alikaa nje barazani, chini ya dirisha langu lililoachwa wazi, tukaongea hivyo, yeye akitazama njia na mimi nikitazama dari.

"Umemeza?"

"Nimemeza, kaka."

"Zote?"

"Zote."

"Haya."

Basi, ndiyo mazungumzo. Baadaye yalikuwa yanafuata ya mpira na ya polisi wa Mtwapa, lakini hayo manne ya kwanza hayakubadilika kwa miezi sita. Mama ndiye aliyekuja kuniambia kwamba kaka ameiacha zamu ya usiku, yenye pesa zaidi, ili saa mbili iwe inamkuta Malindi. Nilipomuuliza mwenyewe alisema, "Kwani kuna nini huko usiku? Usingizi tu."

Watu hupenda kukuuliza ukipona, ugonjwa umekufundisha nini? Wanataka kitu kipya. Mimi sikuwa na kipya. Kwamba nampenda mama nilijua. Kwamba kaka ni kaka nilijua. Wazee walishasema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Kilichotokea ni hesabu ya kutoa. Ugonjwa ulitoa kimoja, ukatoa kingine, na yale yaliyokataa kutoka yakabaki peke yake mezani, nikayaona. Kabla ya hapo yalikuwa yamefunikwa na vitu vingi tu, vingine vizuri, lakini vingi.

Ndiyo maana niliposoma habari za wale mabaharia sikuwaona kama wavamizi wa kwenye mtihani wa historia. Niliona orodha yao ikitolewa mpaka ikabaki na machungwa.

Paulo

Kuna mtu mmoja katika safari hiyo ambaye tripu ya shule haimtaji. Ni Paulo da Gama, kaka yake Vasco, nahodha wa São Rafael. Ile merikebu iliyochomwa Mtangata ilikuwa yake.

Kiseyeye kilipowashika mara ya kwanza, mapema mwaka 1498 huko upande wa Msumbiji, mwanahistoria Fernão Lopes de Castanheda anasema Paulo alikuwa akiwazungukia wagonjwa usiku na mchana, akiwafariji na kuwagawia dawa alizojibebea mwenyewe. Mwaka mmoja baadaye, katika kurudi, mgonjwa akawa ni yeye. Wapo wanaosema kilikuwa kifua kikuu. Nilipofika hapo niliiweka simu chini kidogo.

Shajara inakatika kabla ya mwisho wa safari, kwa hiyo yanayofuata tunayajua kutoka kwa wanahistoria wa karne ya 16. Merikebu mbili zilizobaki zilitengana. Ndogo, Berrio, ya Nicolau Coelho, ilifika Ureno tarehe 10 Julai 1499 na habari kwamba India imefikiwa. Vasco alikuwa bado yuko visiwa vya Cape Verde, na Paulo alikuwa anazidi kudhoofika.

Sasa hapa nataka umtazame Vasco. Miaka miwili amekuwa baharini. Zaidi ya nusu ya watu wake wamekufa, kwa makadirio ya wengi. Lisbon iko mbele, na huko kuna mfalme, cheo, mali, na jina litakalodumu. Kila siku anayochelewa ni siku mwingine anasimulia hadithi yake. Aliikabidhi São Gabriel kwa João de Sá aipeleke Lisbon. Yeye akakodi chombo chepesi ili amuwahishe kaka yake nyumbani. Njiani Paulo akazidiwa. Vasco akaiacha njia ya Lisbon, akageukia kisiwa cha Terceira, huko Azores, katikati ya Atlantiki. Paulo akafia hapo, akazikwa katika monasteri ya Wafransisko mjini Angra. Vasco alifika Lisbon wiki nyingi baada ya Coelho.

Mtu aliyekuwa na haraka kiasi cha kutongoja kaskazi, hapa alingoja.

Ningependa kuishia hapo. Ni mahali pazuri pa kuishia: ugonjwa umemfundisha mtu, mtu amebadilika, tumefurahi. Lakini historia haikuishia hapo, na kumbukumbu ya pwani yetu haituruhusu.

Mwezi wa saba

Vasco da Gama alirudi Bahari ya Hindi mwaka 1502 na kundi kubwa la merikebu. Julai aliilazimisha Kilwa kulipa ushuru kwa mfalme wa Ureno kwa kuitishia mizinga. Kisha karibu na pwani ya Malabar aliikamata merikebu Mirí, iliyokuwa inarudi kutoka Maka na mamia ya watu, wanaume, wanawake na watoto. Aliipora, akaamuru ichomwe moto na watu ndani. Tomé Lopes, Mreno aliyekuwa kwenye kundi hilo, aliyaandika aliyoyaona. Wanawake walikuwa wanawainua watoto wao juu ili waonekane, wahurumiwe.

Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Terceira. Merikebuni humo walikuwemo watu na kaka zao.

Kwa muda mrefu nilijaribu kuwaona kama watu wawili, Vasco wa Azores na Vasco wa Mirí. Haiwezekani, ni mtu mmoja. Aliyemuuguza kaka yake kwa upole ule ndiye aliyewatazama kaka za watu wakiungua. Ugonjwa ulimwonyesha kilicho na thamani kuliko India, na alikiona sawasawa, maana alikigharimikia. Lakini ulimwonyesha kwa wake tu. Wa wengine ilibidi aamue mwenyewe kuwaona, akiwa mzima, akiwa na nguvu na mizinga, na hakuamua.

Tumezoea kuuzungumzia ugonjwa kama mwalimu. Aliyenusurika tunamweka jukwaani, tunampa maikrofoni, tunadhani kufika ukingoni na kurudi kunamfanya mtu kuwa bora. Mimi nadhani ugonjwa kazi yake ni moja tu, hiyo ya kutoa. Unakuonyesha kilichobaki mezani. Haukuhakikishii kitu kuhusu mwezi wa saba.

Mwezi wa saba kwangu ni ule baada ya dawa kwisha. Makohozi hayana kitu, uzito umerudi, mkojo una rangi yake ya kawaida. Nguvu zinaporudi, na ile orodha ndefu hurudi nazo, bila hodi. Kazi, gari, kuonekana. Wala si vitu vibaya. Lakini vinarudi na kukaa juu ya meza ile ile, na siku moja unatazama huoni tena kilichokuwa chini yake. Hapo ndipo swali linapoanza, na hospitali haikupi dawa yake.

Malindi nayo iliupata mwezi wake wa saba. Mji uliendelea kuwa rafiki wa Wareno kwa karibu karne nzima, huku Mombasa ikichomwa na Francisco de Almeida mwaka 1505 na kushambuliwa tena baadaye. Kisha mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus, wakahamia Mombasa, na ukoo wa kifalme wa Malindi ukahamia nao. Mji ukafifia. Ulipokuja kuinuliwa tena katika karne ya 19, chini ya masultani wa Zanzibar, sehemu kubwa ilikuwa magofu na vichaka, na walioufyeka na kuulima walikuwa watumwa. Urafiki haukuulinda.

Je, basi haikufaa kuwapa machungwa? Nimelifikiria sana hilo. Waliowapelekea matunda Januari ile hawakujua yajayo. Waliona watu wenye miguu iliyovimba na midomo inayovuja damu, wageni waliokwisha kuwajua kidogo, nao walikuwa na matunda. Jibu langu ni kwamba ilifaa. Mgonjwa anapewa kwa kuwa ni mgonjwa. Ukianza kumuuliza kwanza atayatumiaje maisha utakayomwongezea, hakuna atakayepona, na mimi pia nisingepona. Kaka yangu hakuniuliza barazani nitakuwa mtu wa namna gani. Aliniuliza kama nimemeza.

Lakini aliyepewa ana deni. Kumbukumbu ya Cabral ilikuwepo, na mabaharia wakaendelea kufa miaka 247, kwa kuwa waliopona waliondoka na uzima wao wakaacha dawa nyuma. Kwa hiyo ukiugua, na Mungu akuepushe, utakiona tu kilicho cha maana, usiwe na wasiwasi na hilo, hata Vasco da Gama alikiona. Kishike ukipona. Na ukishakijua kwa mama yako na kwa kaka yako, kumbuka kwamba kila chombo kinachopita baharini kimebeba mtoto wa mtu na kaka wa mtu.